Mizunguko Miwili ya Unyoya

Boko, 4 Machi 2025

Wifi Apolonia,

Sasa pale nilipokatia juzi, si Gladness kaingia ukumbini na keki imeshaanza kuyeyuka! MC anapiga kelele, "Bibi harusi, tabasamu!" Atabasamu nini na krimu inamdondokea kiatuni? Tulicheka mpaka mama yake akatununia. Haya, kamwene wifi. Mgongo umepoa? Kaka yangu hajambo? Sie wazima, joto tu ndo linatumaliza. Naandika maana simu yako najua ilitumbukia kwenye pipa.

Neema imeshuka. Mama Koku, bosi wetu hapa karakana, kakubali kuchukua manyoya ya kware wako! Unakumbuka nilikwambiaga tunatengeneza nzi wa bandia wa kuvulia? Ndoano ndogo kama punje ya mchele, unaibana kwenye jiriwa, unaizungushia uzi wa hariri, halafu shingoni unaweka unyoya laini, mizunguko miwili tu. Ukiingia majini unyoya unatanuka, unacheza, samaki anaitwa trauti anadhani mdudu. Wazungu wanamvua halafu wanamwachia aende zake! Mie ningemkaanga. Oda yote ya hao nzi wa kware kapewa mwanao Clara, mie niko kwenye nzi weusi wa jogoo. Mtoto ana mkono huyo!

Mama Koku kanipa na maagizo ya jinsi ya kuwanyonyoa, kasema nikwambie neno kwa neno. Nitakuandikia hapo mwishoni, ngoja kwanza nikupe ya Kasiani na mpangaji wake wa Sinza, maana hiyo ukiisikia utakaa chini. Basi jana asubuhi Kasiani kaamka, kafungua mlango, akakuta... We Elibariki, nakuja! Huyo kijana wa ofisini kwa Mama Koku ananiita kula, wali utaisha.

Wifi yako,
Sesilia


Njombe, 11 Machi 2025

Wifi Sesilia,

Kamwene. Mgongo unauma nikiinama, na kazi zangu zote ni za kuinama. Kaka yako mzima, anakohoa tu kwa baridi.

Boksi la manyoya nimempa kondakta wa basi. Ya Kasiani hukumaliza, na maagizo hukuyaandika, kwa hiyo kware nimewaandaa ninavyojua mie. Nyama imeenda hotelini siku hiyohiyo.

Baba Clara bado kanuna. Anasema kufunga manyoya kwenye ndoano si kazi, siku Clara akifukuzwa arudi nyumbani, na Dar hataiona tena. Mwangalie mwanangu.

Wifi yako,
Apolonia


Boko, 12 Mei 2025

Wifi,

Habari za huko, mgongo, kikohozi, vyote nakuulizia kwa pamoja. Shika kiti.

Nzi wa Clara wamerudishwa. Oda nzima. Mteja kaandika kwamba wakiingia majini unyoya unaganda kwenye ndoano kama nywele zilizonyeshewa, na trauti wawili tu wakishauma, unakatika. Mama Koku kawamwaga mezani mbele ya watu wote. Kasema hayo manyoya si ya kware, ni ya kuku, na kwamba Clara kauza ya kware pembeni akatubandikia uchafu. Clara kasema, "Shikamoo mama, mie sijaiba." Yaani mtoto kaanza na shikamoo! Akajibiwa, "Shikamoo yako kaa nayo. Ijumaa tarehe 23 nakuita, uje na maelezo au uje na mabegi."

Mtoto hali chakula, halali usingizi. Karakana nzima inamnong'ona. Unanijua mdomo wangu, lakini safari hii nimeufunga mpaka taya zinauma.

Hebu niambie wifi, wale kware uliwanyonyoaje?

Wifi yako,
Sesilia


Njombe, 17 Mei 2025

Sesilia,

Niliwatia maji ya moto. Kuku anatiwa maji ya moto, kware naye nikamtia, unyoya ukatoka vizuri, nikauanika, nikautuma. Nani aliniambia nisifanye hivyo?

Barua yako ya Machi hii hapa, nakurudishia. Isome. Gladness yumo, keki imo, Kasiani yumo na mlango wake. Maagizo hayamo. Pale ulipoandika "hapo mwishoni" nimepigia mstari kwa wino mwekundu. Ukinyamaza Ijumaa, mwanangu anakuwa mwizi.

Mama Clara


Boko, Ijumaa 23 Mei 2025

Wifi yangu,

Hukuniita wifi, nimeona. Mie nakuita tu, utanifanya nini? Mgongo pole.

Jana nimetoa drooni unyoya wa kware wa zamani, ule wa kunyonyolewa mkavu, na mmoja wa kwako. Nimefunga nzi wawili, uzi mmoja, mizunguko miwili kila mmoja, nikawatia kwenye glasi ya maji. Wa zamani katanuka, anapumua kabisa, ungesema ataruka. Wa kwako kalala kama kitambaa cha deki. Ndo hicho Mama Koku alichosema siku ile, nimekumbuka leo neno kwa neno: "Wanyonyoe wakavu, maji ya moto yanaua unyoya." Kumbukumbu yangu nzuri, wifi, inachelewa tu.

Fakihi, mwenzetu hapa karakana, mwaka jana alisahau kufikisha salamu za mteja, salamu tu, akatolewa siku hiyohiyo. Na mie kiti hiki miaka tisa. Mwenzio naogopa mpaka nimecheka peke yangu, Clara kaniuliza, "Shangazi, unacheka nini?" Hajui kitu. Kakaa hapa pembeni yangu, begi lake kaliweka miguuni tayari, kalifunga kwa uzi wetu wa hariri maana zipu imekufa.

Glasi ninayo hapa mezani. Barua yako yenye wino mwekundu iko kwenye sidiria. Nimefanya mazoezi ya kusema kwa kifupi, na unajua mie kifupi sikijui. Nitasema kware ni wako, maji ya moto ni yako, lakini kosa la kutokukwambia ni langu. Halafu ninyamaze. Wifi, hapo kwenye kunyamaza uniombee, maana nikianza na ya Kasiani...

Elibariki huyo mlangoni, katumwa na Mama Koku. Anaita, "Clara!" Mtoto kasimama. Nimemvuta gauni, nimemwambia kaa chini mama, shika hii kalamu, naenda mie