Sakoshi ya Mama Esperansi

Kilibula, Jumanne, 1964

Eti niichome! Hasira bado haijaniisha.

Leo mchana Mama Esperansi, mke wa mwalimu, alikuja kwangu kuangalia sakoshi yake, mkoba wa ngozi alioniletea niutengeneze. Aliachiwa na madamu mmoja Mbelgiji aliyekimbia wakati wa uhuru. Ilinifikia imeota ukungu, mshikio umekatika. Nimeisugua kwa sabuni kidogo, nikaipaka siagi ya ng'ombe wa kule milimani Mulenge mpaka ngozi ikalainika. Ulibaki mshono mmoja tu.

"Dada, uichome," akaninong'oneza. "Waasi bakiiona, batasema bwana yangu iko muntu ya bazungu."

Kabla sijajibu, mmoja wao akasimama mlangoni na bunduki. "Hii sakoshi ni ya nani?"

Mama Esperansi akarudi nyuma hadi ukutani. Mimi pia niliogopa. Lakini nikasema, "Ni yangu."

"Weye iko muzungu?"

"Minye iko mushonaji. Ngozi ni ya ng'ombe, uzi ni wangu. Muzungu iko wapi hapa?"

Akaigeuzageuza, akainusa, akaitupa mavumbini, akaenda zake.

Mama Esperansi alilia, akaniomba tena niichome. Nikakataa. Akaondoka bila sakoshi, akisema haitaki tena.

Sawa. Nimeipangusa na kuumaliza ule mshono. Wakirudi na wenzao, sijui...

Hata hivyo kesho nitavaa kikwembe changu cha kanisani, nipite nayo mtaa wa Kimanga katikati ya watu, nikiwa nimeishika mkononi.