Gunzi Katikati ya Kamba

Tumaini mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Matogoro tu wazima, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kama nitapanda hiyo lifti ya angani mnayoijenga huko kazini kwenu, kwenye kamba inayonyooshwa na uzito unaozunguka na dunia. Kunyooka naamini. Usichanani nilifukuza ndege kwenye ulezi kwa kombeo. Jiwe likizunguka, kamba hukaza. Siku moja nikafunga gunzi katikati ya kamba, nione. Kamba ikayumba, jiwe likapasua mtungi wa pombe ya wavunaji. Majirani waliokuja kutusaidia kuvuna kwa ujira wa pombe hiyo wakachukua visu vyao, wakaondoka.

Lifti yenu ndiyo gunzi. Waulize wakubwa wako nani atatangulia kupanda, kisha watazame machoni kabla hawajajibu.

Bibi yako