Mandat Mbili za Mzee Salvatori

Kinama, Bujumbura
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimia kwa magoti yote mawili, ingawa kwa kweli nimeketi juu ya ndoo niliyoipindua, maana viti vyote vina wageni wanaokula wali wangu. Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa nahodha wa boti akuvushie huko kwetu ng'ambo ya ziwa, unaipaka, au umeiweka juu ya kabati ukingoja ikuponye kutoka huko? Nakujua wewe. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usimsumbue mtu akusomee. Sisi huku ni wazima. Wajukuu wako wanakula, wanakua, wanakataa kuoga.

Sasa nikuambie lililo kubwa kabla moyo wako haujaanza kwenda mbio: tumeshinda, Baba! Mahakama imekata kesi, na imekata upande wetu. Mzee Salvatori si rais tena wa chama chetu cha wauza ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwa, na mimi nimerudi kwenye meza yangu ileile, ya tatu kutoka mlangoni, aliyoninyang'anya kwa miezi minne.

Nilikueleza kwa simu, lakini simu inakatikakatika na wewe unajibu "ndiyo, ndiyo" hata pale usiposikia kitu. Basi ngoja niyapange toka mwanzo.

Usifikiri Mzee Salvatori ni mtu mbaya. Tulipoanza tulikuwa tunauza chini, juu ya magunia, tukihamishwa huku na huku. Ni yeye aliyezunguka ofisi kwa ofisi, viatu vimeisha soli, mpaka tukapata banda lenye bati. Siku ya mkutano wetu wa kwanza, ndani ya darasa moja kule Buterere, tulimchagua kwa kupiga makofi. Hakuna aliyepinga. Mimi niliandika yote daftarini, maana nilikuwa nimechaguliwa katibu. Katiba ya chama, statuts kama wanavyoiita hapa, nayo tuliitunga siku hiyohiyo: rais anakaa miaka mitatu, anaweza kuchaguliwa tena mara moja, basi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka iandikwe hivyo. Miaka mitatu ilipokwisha tulimchagua tena, safari hii kwa karatasi na sanduku. Nilimpa kura yangu mara zote mbili na sijutii.

Ila kiti kilimnogea. Muhula wa pili ulipokaribia kwisha akatuita mkutanoni, akatununulia soda na mishikaki, na mimi nilipoiona ile mishikaki nikajua kuna jambo. Akasimama, akajifuta mdomo, akasema:

"Wapendwa, mi nimesoma statuts muzuri. Ile mandat ya kwanza haikukuwa mandat. Tulipiga makofi tu, hatukupiga kura. Kwa hiyo hii tunamaliza sasa ndiyo ya kwanza. Inabakia moja."

Watu wakaendelea kutafuna wakitazama chini. Hapa mjini neno hilo, mandat, yaani muhula, watu hulisema kwa sauti ya chini tangu mkubwa wa nchi alipotaka ya tatu, na wewe unajua yaliyofuata, sina haja ya kuandika zaidi. Lakini mdomo wangu unaujua tangu utotoni. Nikasimama.

"Mzee, ulikuwa prezida ao haukukuwa? Kama haukukuwa, ni nani alikuwa anatusainia makarata miaka tatu yote?"

"Sekretere, we andika tu."

"Apana. Mi siandike ile."

Wiki iliyofuata nilikuta mwanamke mwingine kwenye meza yangu. Nikapewa barua yenye muhuri kwamba nimefukuzwa chamani kwa kuvuruga umoja, saini ya rais, peke yake. Bila kadi ya chama huwezi kuuza ndani ya banda. Nikarudi chini kwenye gunia, juani, ndagala zangu zikila vumbi la pikipiki, na wateja wangu wa miaka wakipita wakijifanya hawanioni. Ndiyo maana nilikwenda mahakamani, Baba. Haikuwa kiburi. Watoto walikuwa wanakunywa uji mchana na jioni.

Tulikuwa sita tu tuliotia saini mashtaka. Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi, anaongea polepole mpaka unatamani kumsaidia. Mzee Salvatori alikuja na wakili mwenye koti jeusi na kikohozi cha kujidai. Wakili akauliza swali moja tu: yako wapi maandishi ya huo mkutano wa kwanza? Nani anathibitisha kwamba siku ile rais alichaguliwa, na kwamba hayakuwa makofi ya kumkaribisha mgeni?

Daftari langu liliachwa Buterere, na Buterere ikinyesha unaijua, maji huingia ndani bila kubisha. Lilipopatikana kurasa zilikuwa zimegeuka uji. Nikamweleza hakimu hivyo. Wakili akatabasamu, akasema hayo ni maneno ya sokoni. Hakimu akatupa wiki mbili tulete ushahidi.

Ni katika wiki hizo neno lako, ulilolirekodi kwenye simu ya kaka, lilinifikia: "Mapendo, uko kwa watu. Achana na mambo ya marais, utakuja kufukuzwa nchini, wewe na watoto." Nililisikiliza mara tano. Nakuambia ukweli, wakili hakunitisha, wewe ulinitisha. Niliamua kuondoa kesi. Nikamwita Mama Nadia, jirani yangu wa meza, Mrundi wa Nyakabiga, yeye ndiye aliyetia saini ya pili baada ya yangu, nikamwambia nimechoka na naogopa. Aliinama kuokota kitunguu kilichomdondoka.

Baba, nisamehe kwa hili, lakini lazima nilieleze lilivyokuwa. Mama Nadia ni mwanamke mnene, Mungu ambariki, na alipoinama, Mzee Salvatori alinitazama moja kwa moja kutoka makalioni mwake, tai shingoni, meno yote nje.

Kitenge! Huku ni kama kwetu, chama kikifanya sherehe kinachapisha kitenge chake. Mzee Salvatori alipotawazwa aliagiza yeye mwenyewe, akachagua picha mwenyewe, akatunga na maneno. Kuizunguka sura yake imeandikwa kwa herufi nene: MANDAT YA KWANZA. ASANTE KWA KUNICHAGUA. Mara ya pili akaagiza kingine cha buluu, MANDAT YA PILI, na akakataza mtu yeyote kuja na cha zamani. Tulikuwa tumekivaa kile cha kwanza mpaka tukaacha kukisoma. Tulikibebea watoto, tulikifutia meza, na muda wote huo kilikuwa kinasema.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mama Nadia akadhani nimeumwa na nge.

"Usivue," nikamwambia. "Geuka, nisome tena."

Siku ya kesi nilitegemea tungekuwa sita kama kawaida. Walikuja karibu banda zima, maana Mama Nadia alikuwa amepita meza kwa meza. Wengine walitembea kwa miguu toka Buterere. Wale waliokuwa wakitafuna mishikaki wakitazama chini, nao walikuja. Kila mmoja alikuwa na kile cha kwanza: huyu amekishona gauni, huyu amejifunga kichwani, huyu amembebea mtoto, mmoja alileta pazia la dirisha lake likiwa bado na kamba. Mafuta ya samaki na madoa ya mawese kila mahali, lakini maneno yalisomeka. Chumba kizima kikawa na Salvatori wengi wanaotabasamu, na mmoja tu asiyetabasamu.

Hakimu aliinua macho, akatutazama mmoja mmoja. Akamwita Mama Nadia mbele, kisha akamgeukia Mzee Salvatori.

"Mzee, huyu kwenye kitenge ni nani?"

"Ni mimi."

"Nani aliagiza kichapishwe?"

Wakili akataka kusema, hakimu akamwinulia mkono.

"Ni mi mwenyewe," akasema Mzee Salvatori.

"Soma basi."

Alisoma kama mtoto aliyekosa hesabu. Sauti ya mtu nyuma ikatoka: "Tunakuomba usome kwa nguvu, Prezida! Huku hatusikie!" Hakimu akagonga meza, lakini niliona mdomo wake ukicheza. Kisha akamuuliza: "Unashukuru watu kwa kukuchagua. Walikuchagua lini, kama si siku ile?" Mzee Salvatori alimtazama wakili wake, na wakili akawa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Hukumu ilitoka wiki moja baadaye. Nimeikariri. Muhula wa kwanza ulikuwa muhula, makofi yale yalikuwa uchaguzi maana ndivyo chama kilivyokubaliana kuchagua siku ile. Miwili imekwisha na wa tatu haupo. Na rais hana mamlaka ya kumfukuza mwanachama peke yake, hilo ni la mkutano mkuu, kwa hiyo barua yake ni karatasi tupu na meza ni yangu. Mzee Salvatori akauliza kama mahakama haiwezi kumwongezea hata mwaka mmoja, amalizie kazi zake. Hakimu akamjibu:

"Statuts hizi mliziandika wenyewe. Korti haiandiki nyingine. Kazi yangu ni kuzisoma, na kukuambia na wewe uzisome."

Baba, tulilia! Tulicheza barabarani mpaka wenye magari wakateremka kuuliza ni harusi ya nani. Miye mgeni, mkimbizi, mwuza ndagala, nilisimama mbele ya sheria na mtu mwenye muhuri, na sheria haikuuliza nimetoka wapi. Neno lako la woga nimelisamehe, na wewe nisamehe kwa kutolitii. Lakini safari hii ulikosea, na nafurahi sana kukuandikia hivyo.

Jumatatu Mzee Salvatori alikuja mwenyewe na muhuri umefungwa ndani ya gazeti. Akauweka mezani kwangu, katikati ya ndagala. Nikamwona amekonda na nikamhurumia, kisha nikakumbuka lile vumbi na huruma ikapungua. Tukasalimiana vizuri. Siku ya uchaguzi alipanga mstari kama watu wengine, akapewa karatasi yake, akapiga kura. Kwa hilo namheshimu.

Na watu walimchagua nani? Shika kiti chako. Ni mimi. Ndio hao wageni wanaomaliza wali wangu.

Nisalimie mama mdogo, mwambie unga wa muhogo ulifika na ulikuwa mtamu. Nisalimie kaka na mkewe, na kaka asinitumie tena maneno ya kunitisha kabla hajaniuliza. Msalimie shangazi wa kanisani anayeniombea, mwambie aendelee, sasa ndio nahitaji zaidi. Mtoto wa dada yangu mbusu mashavu yote mawili.

Lakini kuna jambo moja linanisumbua, na siwezi kumwambia mtu mwingine isipokuwa wewe. Leo tulipokuwa tunakula, Mama Nadia alinishika bega, akasema mbele ya wote: "We Mapendo, kwako hatutahesabu mandat. Utakaa mpaka uchoke." Wakapiga makofi. Na mimi, Baba, niliyekula vumbi miezi minne kwa ajili ya neno hilohilo, nilisikia raha. Nilisikia raha sana. Iliingia ndani kabla sijaifungia mlango, na nikaanza kuwaza kwamba labda mimi ni tofauti.

Basi nakuomba. Barua hii usiichome, usiitie kabatini na dawa. Iweke pale unapoweka cheti cha ndoa yako na mama. Nimechaguliwa kwa muhula wa kwanza, nimeandika kwa mkono wangu, na ninajua wa pili ndio wa mwisho. Ukisikia nimetaka wa tatu, mpe nahodha aivushe ziwa, ampelekee hakimu yule anayeongea polepole.

Mwanao anayekupenda,
Mapendo,
rais, mandat ya kwanza