Divai Barabarani

Jumanne, 18 Septemba 1984

Viatu bado vinanuka divai, na nimeshaviosha mara mbili.

Leo mzee Marcel, mkulima ninayekaa kwake huku kusini mwa Ufaransa nikijifunza kilimo, ameungana na wenzake kumwaga divai barabarani. Bei imeanguka, wanataka serikali iwasikie. Matangi mazima! Ikatiririka mpaka mtaroni, watu wakapiga makofi.

Akanipa ndoo. "Na wewe mwaga, kijana wangu."

Nikaiweka chini. Akaniuliza, kwani kwenu wakulima hawakasirikagi? Nikamjibu kwa majivuno kabisa, "Baba yangu ni mvumilivu."

Mvumilivu! Pamba yake ya msimu huu imejaa nyumbani kijijini kwetu Guta mpaka inagusa bati, kwa sababu lori la ushirika halina mafuta. Wadogo zangu wanalala jikoni. Ndani koroboi haiwashwi, mama anaogopa pamba isije ikashika moto. Na baba kila asubuhi anaendaga barabarani kusikiliza kama lori linakuja, halafu anarudi na kusema, "Labda kesho."

Hasira hii sijui nimpe nani. Marcel ana jua kama la kwetu, ana lami, ana lori mlangoni, halafu anamwaga. Na mimi nimemsifia baba kwa kunyamaza.

Barua ya baba iko hapa mezani tangu juzi. Anauliza: "Mwanangu, hao wenzetu wa huko, mazao yao yasipochukuliwa, wanafanyaje?"

Nimeandika salamu. Nimeandika habari za jua. Swali lake nimeliruka.