Joto Lililokataa Kuondoka

Tala,
Jumapili

Kwako rafiki yangu Naimo,

Pokea salamu za nyumba yetu nzima. Habari za Garissa? Mgongo wa mume wako, Mzee Abdisalan, umepata nafuu? Na kijana wako Dayib, ameanza shule? Sisi tuko, ingawa baridi ya Julai haina huruma, na sokoni bado wanakuulizia tangu uhame. Barua hii nampa ndugu yako Abdiaziz, anakuja huko kununua mbuzi. Sikupiga simu kwa sababu simu yangu inashikwa na kila mtu hapa.

Naimo, niko na mimba. Usicheke. Na miaka yangu arobaini na minne, na binti yangu Ndila ameshaolewa!

Ilianza na joto. Nilikuwa kibandani napanga sweta za mitumba, asubuhi ya mvua, wenzangu wamejifunga leso mbili mbili. Mara moto ukanipanda kutoka kifuani hadi masikioni, jasho likatiririka mgongoni. Kavata wa kibanda cha pili akacheka, akanikaribisha uzeeni. Nikaamini, maana hedhi ilikuwa imekatika. Lakini sketi zikaanza kunibana, nikaenda zahanati. Muuguzi anaitwa Nzisa. Alinipima akasema huo si uzee, ni mimba ya miezi minne. Akanieleza kwamba mjamzito hupata joto la ghafla kwa sababu damu mwilini imeongezeka. Likija ninywe maji, nivae nguo nyepesi za pamba, nikae penye hewa. Ila likija na kutetemeka au maumivu ya kukojoa, hiyo ni homa, nikimbie hospitali.

Nilitoka pale nikarudi kibandani. Unakumbuka dada yangu Munyiva alivyofariki akijifungua kitindamimba wake. Kila joto lilipopanda nilimwona yeye. Nilikuwa nalowesha leso, naiweka shingoni, nangoja, nalo linapita. Mume wangu Wathome sikumwambia. Hata mtoto alipoanza kucheza, nilinyamaza.

Wiki iliyopita likaja likakataa kuondoka. Nilikuwa uani naanika maharagwe, kiuno kinauma tangu nilipoamka. Jua linawaka, lakini meno yanagongana. Nikajikokota nyuma ya ghala, nikalala juu ya magunia. Nilipokuwa hapo nikagundua mtoto hachezi. Nikabonyeza tumbo. Kimya. Nikageuka upande, nikabonyeza tena. Kimya. Nikapiga yowe.

Wathome alikuja na panga, akidhani ni nyoka. Nikamwambia, "Mtoto hachezi!" Akauliza, "Mtoto gani?" Kisha akaangalia mikono yangu ilipokuwa. Aliita boda boda, akaketi nyuma yangu amenikumbatia mpaka hospitali.

Walisema ni maambukizi ya mkojo, yameshafika kwenye figo. Wakanitundikia dripu. Daktari alitafuta mapigo ya mtoto na mashine yake, akatafuta, akatafuta, mpaka nikafumba macho. Ndipo nikasikia, haraka haraka, kama mtu anatwanga. Wathome aliketi sakafuni pale pale.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata yeye hajui. Pale kwenye magunia nilijua ni homa. Maneno ya Nzisa niliyakumbuka yote. Nililala makusudi. Nilijisemea kwamba mimba ikitoka yenyewe hakuna atakayenilaumu, nami sitakufa kama Munyiva. Ni mpaka mtoto aliponyamaza ndipo nilipojua kwamba namtaka.

Joto bado linanijia. Kila likija nashika kipaji cha uso, halafu tumbo, nasubiri anijibu. Mwanzoni nilijiogopea mimi peke yangu. Sasa naogopa mara mbili. Wewe ulimzaa Dayib ukiwa na umri kama wangu. Uliogopa hivi? Usinifariji, dada, niambie ukweli. Na ukiweza, njoo Oktoba kabla siku zangu hazijafika.

Msalimie Mzee Abdisalan, umbusu Dayib. Barua hii ukishaisoma, ichome.

Ni mimi mwenzako,
Kasyoka