Mto Uliopanda Mlima

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila tafadhali usicheke. Mimi ni msichana wa kidato cha pili, mtu wa kukaa kimya, na tangu utotoni mimi na dada yangu tuna nchi yetu ya kubuni, tuliichora nyuma ya kalenda kuukuu, mji wake huku, wangu kule, na mto mmoja unaoanzia kwake, unapanda mlima, unashuka hadi mlangoni kwangu, na jioni alikuwa akija kwangu kwa mashua ya karatasi anayoisukuma kwa kidole. Sasa ameolewa mbali, pale kitanda chake kilipokuwa pana cherehani ya mama, nami kwa kumkumbuka nikaichora ramani upya, vizuri, kwa yale tunayofundishwa shuleni kwa Kiingereza, kwamba mito hushuka na nyuma ya milima kuna ukame, kwa hiyo mto wetu nikauondoa, nikaipiga picha nikamtumia nikidhani atafurahi. Akapiga simu. "Nzuri, profesa, kama ya kitabuni. Sasa mimi kwako napitia wapi?" Nikamjibu, "Dada, maji hayapandi mlima." Akacheka kidogo, akasema ana nguo za kuanua. Tangu siku hiyo ananisalimia kupitia mama tu. Ramani ni sahihi mpaka naionea fahari, lakini kila nikiitazama naona nimemfungia njia. Nirudishe ule uongo?

Msichana wa Kimya

Mwanangu, sijacheka. Nimetabasamu, na hilo huwezi kunikataza.

Kuhusu mito uko sawa, mwalimu wako akupe alama zote. Lakini hebu niambie, nchi hiyo ina wasafiri wangapi? Ni mmoja tu, naye amekuuliza njia, wewe ukampa somo! Hakuwa anauliza habari za maji. Yuko ugenini, amekukumbuka, alitaka kusikia "pitia hapa".

Milima na ukame viache, vimependeza. Ila ramani isiyomfikisha mtu ni pambo la ukutani. Chukua kalamu ya wino, si penseli, urudishe mto palepale, upande mlima kama zamani. Nchi ni yenu, unamwogopa nani? Halafu acha mambo ya picha. Mpelekee karatasi yenyewe, na mahali pa mji wake pawe patupu, aichore mwenyewe nyumba anayokaa sasa.

Lakini kwanza mpigie simu, leo, bila kupitia kwa mama. Usiitetee ramani. Mwambie tu, "Dada, njia ipo. Unakuja lini?"