Kaye ya Depo ya Walungu

Bukavu, Jumapili, nyuma ya misa

Papa mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima, wewe na maman. Mugongo wake unaendelea namna gani? Na ile mvua ya mawe, haikuharibu mihogo? Huku tuko wazima, mutoto Olive tu anakohoa kidogo. Mwili iko salama, Papa, roho ndiyo inaniuma.

Maman ananiambia, tangu kampuni ifunge depo yako ya sabuni, ungali unavaa shati ya kazi kila asubuhi, unakaa mbele ya nyumba. Miaka kumi na tisa ukiuzisha sabuni yao, halafu wakuage kwa karatasi moja! Nililia sana.

Anasema pia hausalimiani tena na Papa Cyprien, shofere wa kamyo ya kuleta sabuni, eti ndiye alikuuza kwa wakubwa. Hata kanisani, wakati wa kupeana amani, ulimunyima mukono. Unarudilia tu kusema kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo sababu naandika. Kwa simu nilishindwa.

Unakumbuka ile grupu kampuni ilifungua mu simu za wafanyakazi wote, sisi wa biro ya Bukavu na ninyi wa depo? Wewe na kasimu kako ka tochi haukuingia. Directeur alisema kampuni ni yetu, kila mufanyakazi alete wazo la miaka inayokuja. Eh Papa, tulifurahi! Wazo likipendwa, watu wanaliwekea mioyo chini, zile alama nyekundu za kupenda.

Mimi nilitaka wakujue. Siku ya Pasaka, nilipokuja kuwatembelea, ulipokuwa kwa misa, nilipiga picha kaye yako, lile daftari lako la depo: majina ya wateja, namba zao, nani yuko na matanga, nani anabatiza mutoto, atahitaji kartoni ngapi. Nikaandika: papa yangu anafanya haya yote peke yake, depo zingine zimuige. Nilifikiri watakupa musaidizi, pengine hata medali.

Mioyo mia moja na kumi na mbili! Directeur alinisifu mbele ya wote. Nyuma ya juma mbili wakatoa mupango: kwa vile namba zote ziko mu kaye, wateja wataitwa kwa simu kutoka Bukavu, depo ya nini tena?

Si Papa Cyprien. Ni mimi, Papa. Na mwenye kuwaita wateja wako kila siku, walinipa mimi hiyo kazi. Kila mumoja ananiuliza juu yako, muzee Lucien iko wapi. Ninajibu anapumzika.

Nisamehe, kama unaweza. Jumapili inayokuja, umupe Papa Cyprien mukono. Na ule wa kunipa mimi, nitaungojea.

Umukumbatie maman, na umusomee barua hii yote, usiruke kitu.

Binti yako,
Joviale